Sura ya Saba: Daftari la Oda Linabaki kwa Nani?

Mwenye hoteli katika soko la Hagadera, moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika Kaunti ya Garissa nchini Kenya, hauzi meza. Anauza wali kwa nyama ya mbuzi au ya ngamia, na ndizi mbivu pembeni ya sahani. Anauza pasta, anjera na chai ya maziwa iliyokolea iliki. Mteja akiingia akakuta viti vimejaa, husimama kidogo mpaka mwenzake anyanyuke, basi. Ndiyo maana makala nyingi za kulinganisha majukwaa ya mtandaoni ya kuweka nafasi mikahawani, zinazoandikwa kwa ajili ya wenye mikahawa wa New York, London au Nairobi, huonekana hazina lolote la kumwambia mtu wa Dadaab. Mimi nashikilia kinyume. Dadaab imekuwa ikipokea chakula kwa njia ya orodha na kadi tangu kambi zilipofunguliwa mwaka 1991 na 1992, kisha kwa alama za vidole na laini za simu, na imekwishalipia kwa gharama kubwa somo ambalo wenye mikahawa wa miji mikubwa wanaanza kulisoma sasa. Somo lenyewe ni kwamba kabla ya kuuliza jukwaa lina huduma gani, lina picha nzuri kiasi gani au linatoza kiasi gani, uliza siku ukiondoka utaondoka na nini.

Tuanze na kinachowekewa nafasi. OpenTable, jukwaa lililofungua njia ya biashara hii, lilianzishwa San Francisco mwaka 1998 na Chuck Templeton kwa sababu moja: katika mji ule kiti kizuri saa mbili usiku ni kitu adimu, na mtu aliyekuwa akikitafuta alilazimika kupiga simu mkahawa mmoja baada ya mwingine. Katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera kiti si adimu. Adimu ni mtaji. Oda ya maana hapa ni ya harusi, ya akika, ya futari ya Ramadhani au ya chakula cha mchana cha warsha ya shirika, na oda hiyo humlazimu mwenye hoteli atoe fedha kabla hajapokea kitu. Anunue mbuzi mnadani asubuhi, achukue gunia la mchele na mafuta dukani, alipe kuni au makaa, alipe punda wa maji, awalipe wapishi wa siku moja. Umeme wa sokoni kwa miaka mingi umetoka kwa wafanyabiashara wenye jenereta wanaouza kwa waya kutoka kibanda hadi kibanda, na siku hizi paneli za jua zimeongezeka, lakini friji ya kuhifadhi nyama ya mbuzi kumi si jambo la kila hoteli. Mteja akibadili nia saa nne asubuhi, nyama ikishachinjwa haina pa kwenda. Kwa hiyo kinachowekewa nafasi Dadaab ni chungu kizima, na chungu hakiwekwi nafasi kwa maneno matupu. Kinataka arbuni.

Kuna jambo la pili linaloutofautisha mji huu, na nadhani ndilo muhimu zaidi: mara nyingi anayekula si anayelipa. Karamu ya bibi harusi wa Ifo inaweza kulipiwa na kaka aliye Minneapolis, na futari ya familia ikalipiwa na shangazi aliye Nairobi mtaani Eastleigh. Chakula cha warsha hulipiwa na ofisi, na ofisi hulipa baada ya karatasi kuzunguka. Jukwaa la kuweka nafasi lililobuniwa kwa mtu mmoja mwenye simu moja, kadi moja ya benki na tumbo moja halijui kuwatenganisha watu hawa. Hoteli ya Dadaab inawatenganisha kila wiki: inachukua oda kwa sauti kutoka kwa mama wa bibi harusi, inapokea fedha kutoka kwa mtu wa ng'ambo asiyeonana naye, na inapeleka sinia kwenye bloki iliyotajwa kwa herufi na namba. Kumbukumbu ya uhusiano huo wa pande tatu, yaani nani aliagiza, nani alilipa na nani alikula, ndiyo mali halisi ya biashara. Sufuria hununuliwa tena. Kumbukumbu hiyo ikipotea, wateja wa miaka mitano wamepotea.

Sasa tuangalie yaliyowapata waliomkabidhi mtu mwingine kumbukumbu hiyo. Kwa miaka mingi OpenTable ilitoza mikahawa ada ya kila mwezi na, juu yake, takriban dola moja kwa kila mlaji aliyepitia tovuti yake. Dola moja si nyingi kwenye chakula cha dola hamsini. Uzito ulikuwa kwingine: mlaji yule alijiandikisha kwa OpenTable, si kwa mkahawa, na mkahawa ukihama, jukwaa lilibaki na uwezo wa kumpeleka mlaji huyo kwa jirani. Mwaka 2014 kampuni iliuzwa kwa Priceline Group kwa dola bilioni 2.6, na sehemu kubwa ya thamani iliyouzwa ilikuwa ni mazoea ya walaji ambao mikahawa yenyewe iliwapikia. Mwaka huohuo wa 2014 wakazaliwa washindani wawili waliojinadi kuwa marafiki wa wenye mikahawa, Resy huko New York na Tock huko Chicago. Resy ilinunuliwa na American Express mwaka 2019. Tock, iliyoanzishwa na Nick Kokonas akiwa yeye mwenyewe mmiliki wa mikahawa, iliuzwa kwa Squarespace mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 400, kisha mwaka 2024 nayo ikaingia mikononi mwa American Express. Mkahawa uliochagua Tock mwaka 2020 kwa kuwa ilikuwa ya mpishi na ya watu wa kazi, miaka minne baadaye ulijikuta chini ya kampuni ya kadi za mkopo, pamoja na jukwaa lilelile la Resy ambalo labda uliliepuka. Mwenye mkahawa hakukosea alipochagua. Alilinganisha majukwaa kama yalivyokuwa siku ile, na siku ile ilipita.

Huku kwetu mfano ulio wazi zaidi ni wa kampuni ya kupeleka chakula. Katikati ya Desemba 2023 Jumia ilitangaza kwamba inafunga biashara ya Jumia Food katika nchi saba, Kenya na Uganda zikiwamo, na kwamba ingekoma mwishoni mwa mwezi huohuo. Hizo ni kama wiki mbili. Hoteli ya Nairobi iliyokuwa ikipata oda zake nyingi kupitia programu ile ilipewa wiki mbili, tena za msimu wa Krismasi, kutafuta njia nyingine ya kuwafikia watu waliokuwa wakila chakula chake kwa miaka. Majina na namba za simu za watu hao hazikuwa zake. Zilikuwa za programu. Jumia haikufanya hila yoyote hapo. Ilikuwa kampuni iliyoona hasara ikajitoa, kama inavyoruhusiwa. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwamba hasara ya namna hii haihitaji mtu mbaya.

Lakini ushahidi mzito zaidi uko kambini. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula, kwanza katika kambi ya Kakuma, kisha likaleta utaratibu huo Dadaab. Badala ya kugawa nafaka zote kwa kilo, sehemu ya mgao iligeuzwa kuwa thamani ya fedha iliyotumwa kila mwezi kwenye laini ya Safaricom iliyotolewa kwa kazi hiyo tu. Mwenye laini hakuweza kuitoa kama pesa taslimu. Alikwenda kwa mfanyabiashara aliyeingia mkataba na mpango, akachagua anachotaka, akabonyeza namba yake ya siri, na thamani ikahama. Kwa vipimo vya aina hii ya biashara, hili lilikuwa jukwaa kubwa la chakula: lilikuwa na walaji kwa maelfu kwa maelfu, lilikuwa na maduka yaliyosajiliwa, lilikuwa na malipo ya papo kwa papo. Tena lilileta heri ya kweli. Mama aliyekuwa akipewa mtama asioutaka, akauuza kwa bei ya kutupa ili apate sukari na maziwa ya watoto, sasa alinunua sukari na maziwa moja kwa moja. Mfanyabiashara wa kambini, aliyekuwa akiangalia malori ya msaada yakipita mbele ya duka lake, akawa sehemu ya mnyororo. Anayesema Bamba Chakula ilikuwa mbaya hakuona foleni za kugawia mtama.

Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipoyachunguza maduka ya Kakuma na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019, walikuta jambo ambalo kila mwenye hoteli anapaswa kulitafakari. Duka lenye leseni ya Bamba Chakula lilipata faida kubwa kuliko duka linalofanana nalo lisilo na leseni. Walaji wengi walinunua kwa mkopo kabla ya fedha za mwezi kuingia, na kwa kuwa fedha zile zingeweza kutumika kwa wenye mkataba tu, deni liliwafunga kwa duka moja. Wapo waliomwachia mwenye duka laini ya simu, hata na namba ya siri, kama rehani. Fikiria maana yake. Jukwaa lililojengwa ili kumpa mlaji uhuru wa kuchagua lilizaa, kwa sababu ya mlango wake wa kutokea uliofungwa, mlaji asiyeweza kuchagua duka. Na mfanyabiashara mwenye leseni, aliyeonekana mshindi, naye alikuwa amefungwa kwa aliyetoa leseni. Katikati ya mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa wakimbizi nchini Kenya ulishuka hadi asilimia 28 ya mgao kamili na malipo ya fedha yakasimamishwa. Duka lililokuwa limejengwa juu ya mteja wa aina moja, anayelipa kwa njia moja, lilibaki na rafu zilizojaa na daftari la madeni yasiyolipika. Waliostahimili vizuri zaidi, kwa mantiki ya jambo lenyewe, ni wale waliokuwa wakiuza pia kwa pesa taslimu, kwa wenyeji, kwa madereva wa malori na kwa ofisi.

Kuna kisa kingine cha Kaunti ya Garissa ambacho nakitaja kwa uchungu, maana bado hakijawaachilia wahusika. Katika miaka ya ukame, Wakenya wengi wa kaunti hii, hasa Wasomali wa Kenya, walijiandikisha kambini kama wakimbizi ili familia zipate mgao na matibabu. Wengine waliandikishwa na wazazi wakiwa watoto. Walitoa alama za vidole, wakapewa kadi, wakala. Walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, kompyuta iliwatambua kuwa ni wakimbizi, wakarudishwa. Bila kitambulisho hakuna kusajili laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa, hakuna akaunti ya benki, hakuna kazi ya kuandikwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 40,000, na shirika la Haki na Sheria la mjini Garissa limelipeleka suala hilo mahakamani.

Msomaji anaweza kupinga hapa, na ana haki: kuna uhusiano gani kati ya rejista ya wakimbizi na programu ya kuagiza biriani? Uzito haulingani, nakubali. Mtu aliyenyimwa uraia wake hawezi kulinganishwa na hoteli iliyopoteza wateja. Ninachosema ni kwamba mkataba ni wa umbo moja. Unatoa jina lako ili upate chakula au upate wa kumuuzia chakula, anayelipokea analiweka mahali usipopaona, na njia ya kuliondoa ama imejengwa na yeye ama haikujengwa kabisa. Aliyejenga rejista ya kambi hakukusudia kumnyang'anya mtu uraia; hakufikiria tu kwamba kuna siku mtu atataka kutoka. Waliobuni majukwaa ya mikahawa nao wanafikiria sana kuingia. Kujiunga ni dakika tano na picha ya menyu. Kwenye kutoka, masharti huwa marefu na maandishi huwa madogo.

Hoja ya pili ya upinzani ni ya kibiashara, na ina nguvu. Jukwaa huleta wageni ambao hoteli peke yake isingewapata. Ni kweli kabisa kwa Nairobi na Mombasa, ambako mtalii au mfanyakazi wa ofisini anatafuta pa kula katika mtaa asioujua, na ni kweli kiasi kwa Garissa mjini, ambako mikutano ya serikali na ya mashirika huleta watu wanaotafuta vyumba na kumbi kupitia simu zao. Kambini hali ni nyingine. Mgeni anayefika Dadaab hafiki kwa kubahatisha. Amekuja kwa ruhusa, kwa ofisi au kwa jamaa, na pa kula ataelekezwa na aliyempokea. Mkimbizi mwenyewe hawezi kutoka kambini bila hati ya ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo hoteli ya Ifo haishindani na hoteli ya Garissa iliyo kilomita mia hivi kutoka hapo. Inashindana na hoteli iliyo hatua ishirini mbele yake sokoni, ambayo kila mteja anaijua. Jukwaa linaloahidi kukuonyesha kwa wageni katika soko la namna hii linakuuzia wateja wako mwenyewe, kwa kamisheni. Ikiwa utekelezaji wa Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na mpango uitwao Shirika uliozinduliwa Machi 2025 utafungua barabara na kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida, hesabu hii itabadilika, na mimi nitakuwa wa kwanza kuomba ipigwe upya. Kwa sasa ndivyo ilivyo.

Hoja ya tatu inanigusa zaidi, maana inashambulia njia ninayoipendekeza. Unasema wajiepushe na majukwaa, mtu ataniambia, lakini WhatsApp ni nini? M-Pesa ni nini? Hata hizo ni za wenyewe. Kweli. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika pamoja na Facebook na Instagram kwa saa sita hivi duniani kote, na oda zilizokuwa ndani yake zikazimika nazo. Minara ya simu imelipuliwa mara kadhaa katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa katika mashambulizi ya al-Shabaab, na mnara ukianguka, simu na pesa huanguka pamoja. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, serikali ilizisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha, nyingi za hawala za Kisomali, na kwa muda kaka wa Minneapolis hakuwa na njia yake ya kawaida ya kulipia karamu ya Ifo. Hakuna njia iliyo salama. Lakini angalia tofauti ya madhara. WhatsApp ilipozimika, namba za wateja zilibaki kwenye simu ya mwenye hoteli na kwenye kichwa chake. Aliweza kupiga simu ya kawaida. Hawala zilipofungwa, uhusiano wa kaka na dada haukufungwa. Walitafuta mkondo mwingine mpaka leseni ziliporudishwa. Njia ilikatika, daftari likabaki. Jumia Food ilipofunga, vyote viwili viliondoka kwa pamoja, kwa sababu jukwaa moja lilikuwa limebeba kazi tatu: kupokea oda, kupokea fedha na kutunza kumbukumbu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kuzitenganisha kazi hizo tatu kwa makusudi. Oda ipokelewe kwa njia yoyote anayoipenda mteja: simu, ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa Kisomali au Kiswahili kwa wale wasiosoma, mtu kuja mwenyewe, hata programu mpya ikitokea. Arbuni ipokelewe kwa namba ya tili au Pochi la Biashara, na hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa jicho kali. Mkimbizi asiye na kitambulisho halali mara nyingi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na biashara nyingi za kambini zina mbia Mkenya ambaye ndiye anayeonekana kwenye karatasi. Watu hawa wakigombana, fedha zilizo kwenye laini ni za yule mwenye jina. Hakuna jukwaa la kuweka nafasi, hata liwe zuri vipi, linaloweza kuponya hilo. Kabla ya kulinganisha programu, mwenye hoteli alinganishe jina lililo kwenye tili na jina lake. Kama hayafanani, aandikishiane na mbia wake mbele ya mashahidi na wazee.

Kumbukumbu, kazi ya tatu, ibaki kwenye daftari la karatasi linalolala hotelini. Ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha malipo humpa mwandishi wa daftari karibu kila anachohitaji: msimbo wa herufi na tarakimu 10 usiojirudia, kiasi, jina la aliyetuma, tarehe na saa. Ukiuandika msimbo huo pembeni ya oda, ukaongeza jina la aliyeagiza, bloki ya kupeleka na idadi ya sinia, umetengeneza kumbukumbu ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua dhidi ya taarifa ya Safaricom hata miezi ikipita. Mtandao ukiwa chini siku ya karamu, daftari linasomeka. Mvua za mwisho wa 2023 zilipokata barabara ya Garissa na bidhaa zikachelewa, mtu mwenye orodha kama hii mkononi angejua awapigie nani, kwa mpangilio gani, na amrudishie nani arbuni yake. Katika kitabu kinachohusu zana za kidijitali naona inafaa kusema bila kuzunguka kwamba kwa kazi hii, mahali hapa, karatasi inashinda.

Arbuni yenyewe hujibu hoja ya nne, ile ya wateja wanaoagiza wasitokee. Wapenzi wa majukwaa hupenda kuonyesha kwamba Tock ililitatua tatizo hili kwa kumfanya mlaji alipie kiti mapema, kama tiketi ya mchezo. Ni ubunifu mzuri, na mikahawa mingi ya bei ya juu ilinufaika. Lakini nguvu yake haikutoka kwenye programu; ilitoka kwenye fedha kutangulia, desturi ambayo wachuuzi wa mifugo wa Garissa wanaijua vizuri. Tena kukata nafasi mapema kumezaa ulanguzi wake katika miji ile: watu hukamata meza kwa makundi na kuziuza kwa faida, hadi jimbo la New York likalazimika kutunga sheria ya kukomesha biashara hiyo mwishoni mwa 2024. Mahali ambapo muuzaji anamjua mteja, au anamjua mjomba wa mteja, ulanguzi hauna pa kuota.

Mwisho kuna hoja inayosemwa mara chache, na mimi naiona nzito kuliko zote. Kutunza daftari ni kutunza siri za watu. Mji huu una zaidi ya watu 400,000, wengine wamekimbia wanaowatafuta, wengine wana kesi za uhamiaji katika nchi za mbali, na orodha inayoonyesha nani analipiwa na nani kutoka wapi inaweza kumdhuru mtu ikianguka mikononi mwa mbaya wake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimwachi mwenye hoteli kando. Mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Picha tu. Je, si afadhali basi kumwachia jukwaa mzigo huo, kwa kuwa lina mawakili na wataalamu wa usalama? Jibu langu ni kwamba jukwaa hukusanya zaidi ya linavyohitaji, kwa sababu ziada ndiyo inayoliletea thamani siku ya kuuzwa, ilhali hoteli inaweza kukusanya kidogo kadiri inavyotaka. Jina moja, namba ya simu, bloki, tarehe, kiasi. Tarehe ya kuzaliwa haitakiwi, namba ya kadi ya ukimbizi haitakiwi, picha za harusi hazibandikwi TikTok mpaka wenyewe waseme ndiyo. Karamu ikiisha na hesabu ikafungwa, ukurasa uliojaa uwekwe chini ya kufuli, na baada ya mwaka uchomwe.

Sheria hiyohiyo ya 2019 inampa mtu haki ya kudai data zake zihamishwe kwenda kwingine. Haki hiyo ni ya mlaji. Hoteli haipewi na sheria hiyo haki ya kudai orodha ya walaji wake kutoka kwa jukwaa. Ikitaka haki hiyo lazima iandikwe kwenye mkataba. Basi wewe mwenye hoteli wa Dagahaley, Ifo au Hagadera, akija kijana na programu mpya ya kupokea oda, mkaribishe, mpe chai, msikilize. Kisha mwombe akuonyeshe kifungu kinachosema kwamba siku ukiondoka utapewa majina, namba za simu na hesabu zote za wateja wako, kwa faili unayoweza kuifungua, ndani ya siku zinazotajwa. Asipokuwa nacho, usitie sahihi.